Shabaha kabla ya video: tunavyoandaa kozi za mtandaoni hapa Mombasa

#1 Mkufunzi wa Kisauni (mwanzishaji uzi)

Asalaam aleikum walimu wenzangu, na salamu kwa kila anayesoma. Nimefungua uzi huu baada ya kuiandika upya kozi moja ya mtandaoni mara tatu. Kila mara kosa lililonirudisha mezani nililikuta pale pale, katika sentensi ambayo sisi walimu tumeizoea hata hatuisomi tena, ile ya shabaha, inayoanza kwa maneno “Kufikia mwisho wa somo, mwanafunzi aweze...”.

Kozi yenyewe ni ya wiki sita. Inahusu uhifadhi wa samaki, na wanafunzi wake ni wachuuzi na mama karanga, yaani wanawake wanaokaanga samaki na kuwauza, wanaonunua samaki katika madiko, pale vyombo vya uvuvi vinapotia nanga, ya Likoni, Mtongwe na Mji wa Kale. Karibu wote wana simu, wala hakuna anayeweza kuliacha karai mekoni akaja kukaa darasani saa nne asubuhi, ndiyo maana chuo kiliamua masomo yawe ya mtandaoni. Nilipokabidhiwa kazi hiyo nilifanya lile ambalo wengi wetu tulijifunza kulifanya kwa haraka Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa: nilichukua slaidi nilizokuwa nikifundishia, nikazirekodia sauti, nikazipandisha kwenye Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni, na chini ya kila video nikaweka maswali kumi ya kuchagua jibu. Shabaha niliziandika mwisho kabisa, kwa kuwa fomu ya idara ilikuwa na nafasi yake.

Wanafunzi walifaulu vizuri. Wiki chache baadaye nilikwenda dikoni asubuhi, nikamkuta mmoja wa waliopata alama zote katika somo la barafu. Samaki wake walikuwa wamelala chini ya sanduku, donge moja kubwa la barafu limewekwa juu yao, na nusu yao wamezama katika maji yaliyoyeyuka, yamechanganyika na damu. Nilipomwuliza kuhusu barafu alinijibu vile vile nilivyomfundisha, kwamba barafu hupunguza kasi ya kuoza. Nilirudi nyumbani nikaifungua shabaha yangu ya somo lile, nayo ilisema: “aweze kujua umuhimu wa barafu katika kuhifadhi samaki.” Basi alikuwa ameifikia. Video ilimwambia umuhimu, mtihani ukamwuliza umuhimu, na hakuna mahali popote katika kozi nzima palipomtaka apange samaki na barafu sandukuni.

Hapo ndipo nilipoyarudia mambo niliyoyasoma chuoni kisha nikayaacha rafuni. Ralph Tyler wa Chuo Kikuu cha Chicago aliweka mwaka 1949 maswali manne, tena kwa mpangilio: tunataka wanafunzi wafikie nini, wapitie mambo gani ili wafikie, mambo hayo yapangwe vipi, na tutajuaje kwamba wamefikia. Mimi nilikuwa nimeanzia swali la pili. Benjamin Bloom na wenzake walizipanga shabaha za kiakili katika ngazi sita mwaka 1956, na mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl wakaziandika upya ngazi hizo kwa vitenzi: kukumbuka, kuelewa, kutumia, kuchanganua, kutathmini na kuunda. Hata hivyo aliyenifaa kuliko wote ni Robert Mager, ambaye mwaka 1962 alieleza kwamba shabaha kamili ina mambo matatu: tendo linaloonekana, hali ambamo tendo hilo litatendwa, na kiwango ambacho kikifikiwa tutasema limetendwa sawa.

Niliiandika upya shabaha yangu ikawa hivi: “Akiwa na kilo 10 za samaki, sanduku lenye tundu la kutolea maji na barafu iliyopondwa, mwanafunzi aweze kupanga samaki na barafu kwa tabaka, pasiwe na samaki anayegusa ukuta wa sanduku wala anayelala ndani ya maji.” Ilipokwisha kuandikwa hivyo, kazi iliyobaki ilijipanga yenyewe. Mtihani haukuweza tena kuwa wa kuchagua jibu, ikabidi mwanafunzi apige picha tatu za sanduku lake, ya tabaka la chini, la kati na la juu, azitume. Video ya dakika 18 iliyoeleza bakteria kwa michoro niliyoipenda sana nikaiondoa, ikabaki ya dakika mbili inayoonyesha mikono ya mtu akipanga. John Biggs, mtaalamu wa elimu kutoka Australia, aliandika mwaka 1996 kuhusu ulinganifu huu wa shabaha, shughuli na tathmini. Nilikuwa nimeusoma na kuufanyia mtihani, nikapita, bila kuutenda hata mara moja katika kozi yangu mwenyewe.

Ninaomba tujadiliane. Mnapoandaa kozi ya mtandaoni, shabaha zenu zinaamua jambo lolote, au zinakaa tu juu ya ukurasa?

#2 Mwalimu wa Changamwe

Waaleikum salaam mwalimu mwenzangu. Nimeusoma uzi wako kwa makini, lakini nitasema wazi kwamba kwa miaka niliyofundisha nimeziona shabaha kuwa kazi ya mkaguzi. Maazimio ya kazi tunayaandika muhula ukianza, andalio la somo tunaliandika usiku, na katika mtaala wa umilisi matokeo maalumu yanayotarajiwa tunayapata yakiwa yameandikwa tayari, kazi yetu ikawa ni kuyanakili. Mwalimu mzuri akiingia darasani hutazama nyuso. Akiona hawajaelewa hurudia kwa mfano mwingine, na mfano huo haumo katika andalio lolote. Ninahofia kwamba ukikifunga kila kitu kwenye tendo linaloonekana na kiwango kinachopimika, utapata kozi iliyokauka, isiyo na nafasi ya mwanafunzi kuuliza swali ambalo hukulitarajia.

#3 Mkufunzi wa Kisauni

Ahsante sana, mwalimu, na hofu yako ninaiheshimu kwa kuwa niliishi nayo. Lakini hebu tazama ulivyosema mwenyewe: mwalimu hutazama nyuso. Darasani nyuso zinatuokoa. Shabaha ikiwa mbovu, uso wa mwanafunzi unaturekebisha ndani ya dakika tano, nasi tunatoka tukidhani kwamba andalio lilikuwa zuri, kumbe lililofaa ni jicho letu. Mtandaoni mama karanga wa Mtongwe anafungua somo saa tano usiku, watoto wakiwa wamelala, nami sipo. Hakuna anayemwona akikunja uso. Kila ambacho ningekirekebisha kwa jicho inanibidi nikitabiri na kukiandika mapema, na sijui chombo kingine cha kukitabiria kuliko shabaha iliyoandikwa kwa uangalifu.

Kuhusu ukavu, niliogopa vivyo hivyo, lakini matokeo yalikuwa kinyume. Video ya dakika 18 ilikuwa haiachi nafasi ya kuuliza chochote. Picha tatu za sanduku zimeleta maswali ambayo sikuwahi kuyasikia katika maisha yangu ya ukufunzi, kwa mfano mtu anayenunua barafu ya donge na hana cha kupondea afanye nini, au samaki mrefu kama nguru apangwe vipi katika sanduku fupi.

#4 Mtahini mstaafu, Tudor

Wanangu, nimefurahi kuuona mjadala huu, nami nina mawili ya kuongeza kutokana na kazi niliyoifanya kwa muda mrefu, ya kutunga na kusahihisha mitihani.

La kwanza, watu husahau kwamba Bloom mwenyewe alikuwa mtahini. Kundi lililozipanga ngazi zile lilikuwa la watahini wa vyuo vikuu vya Marekani waliokutana mwaka 1948, na haja yao ilikuwa kupata lugha moja ya kueleza swali fulani linapima nini, ili waweze kubadilishana maswali. Ngazi zile hazikuzaliwa kuwa pambo la andalio la somo. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeandaa kozi ni huu: ukishaandika shabaha, usiende kwenye somo. Andika kwanza swali au zoezi litakalokuonyesha kwamba shabaha imefikiwa, tena uandike na jibu ambalo ungelikubali na jibu ambalo ungelikataa. Ukishindwa kuandika jibu la kukataa, shabaha yako bado haijaiva.

La pili ni la lugha, na hapa tunaoandika kwa Kiswahili tuna jambo letu mahususi. Tunayo neno moja, “tathmini”, ambalo tunalitumia kwa kazi ya mwalimu ya kupima wanafunzi na pia kwa ngazi ya tano ya fikra, pale mwanafunzi anapotoa uamuzi kwa kutumia vigezo. Nimeona maandalio mengi ambamo mwalimu ameandika “mwanafunzi aweze kutathmini”, naye alimaanisha kwamba mwanafunzi atafanya jaribio. Afadhali ngazi ile tuiandike “kuamua kwa vigezo”, hata kama maneno yanaongezeka. Kitenzi “kueleza” nacho kina taabu yake. Mwanafunzi akikariri aya ya kitabu ameeleza, na akichambua sababu tatu zinazopingana pia ameeleza. Kitenzi kimoja kinapanda na kushuka ngazi zote, na ndiyo sababu walimu wanakipenda. Ukikitumia, sema anaeleza nini, kwa nani, na bila kutazama nini.

#5 Msanifu wa kozi, Nyali

Ninaafikiana na Mzee wa Tudor, hasa kuhusu kuandika zoezi kabla ya somo. Mimi nitaleta suala la data, kwa sababu wengi huliona kuwa la mafundi, nami naliona ni suala la shabaha.

Video ya dakika 10 iliyobanwa kwa kiwango cha megabiti 1 kwa sekunde ina takriban megabaiti 75. Ujumbe wa sauti wa dakika 3 uliobanwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde hauzidi kilobaiti 360. Mwanafunzi anayenunua data kwa siku anaihisi tofauti hiyo mfukoni, na huacha kozi kimya kimya bila kumwambia mtu. Sasa, nani aamue kwamba somo hili liwe la video na lile liwe la sauti? Zamani niliamua kwa kutazama ninachopenda kutengeneza. Siku hizi ninakiuliza kitenzi. “Kupanga” kunataka macho yafuate mikono, kwa hiyo video inalipa gharama yake. “Kubainisha” matamvua mekundu na yaliyogeuka rangi kunataka picha mbili zilizopigwa vizuri, na picha mbili ni nyepesi. “Kumjibu mteja” kunataka sauti. Nikipita shabaha moja baada ya nyingine hivyo, kozi yenye video nyingi mara nyingi hubaki na video mbili au tatu, na hakuna mwanafunzi anayekosa jambo alilolihitaji.

Mkufunzi wa Kisauni, ningependa kujua una shabaha ngapi kwa wiki. Nimeona kozi yenye shabaha tisa kwa somo moja, na mwandishi wake hakuwa na mazoezi hata kwa tatu kati ya hizo.

#6 Mkufunzi wa Kisauni

Nilianza na tano kwa wiki, sasa ninazo mbili, na wiki moja ina moja tu. Nyingine hazikufa, ziligeuka kuwa hatua ndogo za kufikia ile moja, wala sizipimi peke yake.

Nieleze wiki hiyo yenye shabaha moja, kwa maana ndiyo iliyonifundisha maana ya ngazi za Bloom kuliko maelezo yote. Wachuuzi wengi huambiwa kanuni ya kilo kwa kilo, yaani kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Ni kanuni nzuri kwa nchi za joto kama yetu, lakini mtu akiikariri ameishia ngazi ya kukumbuka, na siku barafu inapokuwa haba anabaki bila la kufanya. Nikaandika: “Akiambiwa uzito wa samaki, joto lao na muda wa safari, mwanafunzi aweze kukadiria barafu ya kununua na kutoa sababu ya makadirio yake.” Hesabu yake si ngumu. Barafu inayohitajika kuwapoza samaki wenyewe hadi nyuzi sifuri ni takriban uzito wa samaki mara joto lao kwa selsiasi, ugawanye kwa 100. Kilo 10 za samaki wenye joto la nyuzi 30 zinakula kilo 3 za barafu kabla ya safari kuanza. Kilo nyingine zote katika ile kanuni ni za kupambana na joto linalopenya sandukuni njiani.

Mwanafunzi akilishika hilo, mambo mengi hufunguka bila mimi kuyafundisha. Anaona mwenyewe kwamba sanduku lenye kifuniko kizuri linampunguzia gharama, kwamba samaki aliyeachwa juani anakula barafu zaidi, na kwamba safari fupi ya kuvuka kivuko asubuhi na mapema haifanani na kukaa katika matatu hadi Kisauni mchana. Mazoezi yake ni visa vitatu vifupi vinavyoandikwa ndani ya ujumbe wa simu, naye hunijibu kwa sauti. Sihitaji jibu lenye nambari ninayoitaka. Ninasikiliza sababu.

#7 Aliyekuwa mkaguzi wa samaki

Salamu kwenu nyote. Mimi si mwalimu, ila nilialikwa na rafiki kusoma uzi huu, nami nimeona jambo linalohitaji kusahihishwa kabla kozi haijawafikia watu wengine.

Yupo aliyetaja shabaha ya kubainisha matamvua mekundu na yaliyogeuka rangi. Kwa changu, tafi na samaki wengi wa miambani, macho, matamvua, ugumu wa nyama na harufu vinasaidia sana. Lakini kwa jodari, nguru na vibua kuna hatari ambayo jicho na pua havitoshi kuigundua. Samaki wa jamii hiyo wakikaa na joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Samaki anaweza kuonekana mzuri kabisa, akakaangwa vizuri, na mlaji akapatwa na wekundu wa uso, kichwa kuuma na moyo kwenda mbio. Mwanafunzi aliyefaulu shabaha yenu ya kubainisha kwa macho atamnunua kibua huyo akiwa na imani kuliko alivyokuwa kabla ya kozi. Ninaona hapo kozi itakuwa imemdhuru.

#8 Mkufunzi wa Kisauni

Nimelisoma hili mara mbili, na ninakushukuru kwa dhati, ndugu yangu. Shabaha ya kubainisha imo katika wiki yangu ya pili. Imekamilika kwa kila kigezo cha Mager, ina tendo, ina hali, ina kiwango, na ina zoezi zuri la picha kumi na mbili. Na kwa vibua haitoshi hata kidogo. Nimejifunza hapa jambo ambalo sikuliona nilipoufungua uzi: shabaha inaweza kuandikwa kwa ufundi wote wa kialimu na bado ikawa inalenga mahali pasipo. Ufundi wa kuiandika ni wangu, lakini palipo hatari panajulikana na aliyeifanya kazi, nami nilipaswa kukaa naye kabla ya kushika kalamu.

Nimeigawa shabaha ile. Ya kwanza inabaki kwa samaki wa miambani. Ya pili inasema: “Anapotaka kununua jodari, nguru au vibua, mwanafunzi aweze kuamua anunue au asinunue kwa kuzingatia muda tangu samaki avuliwe, kama aliwekwa barafuni, na joto alilonalo sasa, hata kama sura yake ni nzuri.” Mzee wa Tudor ataona kwamba tumepanda kutoka kubainisha hadi kuamua kwa vigezo. Picha kumi na mbili hazifai tena hapa, tena zitapotosha. Zoezi lake litakuwa visa ambamo samaki anayevutia kwa sura ndiye wa kukataliwa, na anayeonekana wa kawaida ndiye wa kununuliwa, kwa sababu ya historia yake. Nimeamua pia kwamba wiki hii itatangulia ile ya barafu, kwani sababu ya kununua barafu inapatikana humu.

#9 Mchuuzi wa Mtongwe

Hamjambo walimu. Mimi ni mwuza samaki, nimewahi kusoma kozi mbili za simu, moja nikaiacha katikati. Ile niliyoiacha ilinitaka nitaje majina matano ya vijidudu. Niliyakariri, nikapata alama, na sikumbuki hata kimoja.

Nimeyasoma mliyoyaandika kuhusu kuamua kununua au kutonunua, nami nataka kuwaambia kwamba wengi wetu uamuzi huo tunao. Mtu akishika samaki kwa miaka, mkono wake unajua samaki huyu amepigwa na jua. Shida yetu haiko kwenye kujua. Msimu wa kusi bahari inachafuka, samaki wanakuwa wachache, na mwenye chombo ndiye anayenikopesha leo nilipe kesho. Akiniambia vibua hawa wametoka sasa hivi, na nyuma yangu wamesimama wanawake wengine sita wanaowataka, nimwambie nini? Nikimkataa leo huenda kesho asinipe changu pia. Kozi inayoniambia nisinunue samaki wa joto, bila kunifundisha namna ya kusema hapana kwa mtu ninayemtegemea, imenifundisha jambo nililokuwa nikilijua.

#10 Mwalimu wa Changamwe

Dada yetu wa Mtongwe amesema lile nililotaka kulisema nikakosa maneno. Hapa tumefika katika shabaha za moyo, zile tunazoziandika mwisho wa orodha kwa “kuthamini” na “kuchangamkia”, kisha hatuzipimi kamwe. Krathwohl, Bloom na Masia walizipangia ngazi zake mwaka 1964, kuanzia kupokea jambo hadi jambo hilo kuwa sehemu ya tabia ya mtu, lakini sijaona kozi ya mtandaoni iliyoziweka zaidi ya kuzitaja. Mkufunzi wa Kisauni, ninakuomba usiandike “athamini usafi wa samaki”. Utafanyaje?

#11 Mkufunzi wa Kisauni

Sitaandika hivyo, mwalimu. Na wewe dada, ninakushukuru kwa kuja kutusahihisha. Mimi sikuwahi kusimama mbele ya mwenye chombo nikiwa na deni lake, kwa hiyo nisingeliona tatizo hilo peke yangu hata ningesoma vitabu vingapi.

Nimekaa na jambo hili tangu jana. Sitaki kujidai kwamba ninaweza kupima ujasiri wa mtu kupitia simu. Ninachoweza kukipima ni maneno yatakayotoka kinywani mwake akiwa katika hali inayofanana na ile. Kwa hiyo nimeandika shabaha mpya ya wiki ya tano: “Akikabiliwa na mwuzaji anayemdai na anayemsisitiza anunue samaki wa joto, mwanafunzi aweze kumshawishi mwuzaji ampunguzie bei, ambadilishie samaki au amwekee barafu kabla ya kununua, bila kuvunja heshima kati yao.” Zoezi litakuwa la sauti. Mwanafunzi atapokea sauti ya mwuzaji akisema maneno yale yale tunayoyasikia madikoni, naye atajibu kwa sauti yake, kisha mwuzaji atamjibu kwa ukali zaidi, na mwanafunzi atajibu tena. Wanafunzi watasikilizana wawili wawili kabla yangu, kwa sababu wao ndio wanaojua jibu gani lingekubaliwa dikoni na lipi lingemfukuzisha mtu.

Dada, ningekuomba, kama nafasi inaruhusu, utusaidie kuandika maneno ya mwuzaji. Nikiyaandika mimi yatakuwa ya darasani.

#12 Mchuuzi wa Mtongwe

Nitayaandika. Lakini msimweke mwuzaji akiwa mtu mbaya. Naye samaki wakimharibikia anaingia hasara, na mafuta ya mashine amekopa.

#13 Mtahini mstaafu, Tudor

Mwanangu wa Kisauni, shabaha ya wiki ya tano ni nzuri kuliko zote ulizotuletea, ila ina kitenzi kimoja ambacho nisingekipitisha. Umeandika “kumshawishi mwuzaji ampunguzie bei”. Kushawishika ni tendo la mwuzaji. Mwanafunzi anaweza kusema kila neno kwa adabu na kwa hoja, na mwuzaji akakataa kwa sababu zake, nawe utamwandikia mwanafunzi kwamba hakufaulu kwa tendo la mtu mwingine. Tena kwa haya aliyotueleza dada yetu, kukataliwa huko kutatokea mara nyingi. Badilisha iwe “kumweleza mwuzaji kasoro aliyoiona na kumpendekezea njia mbili za kuuziana”, na useme katika kiwango chako kwamba mwanafunzi anayeishia kuondoka bila samaki, lakini akiwa amezisema mbili hizo kwa heshima, amefaulu.

#14 Mkufunzi wa Kisauni

Nimebadilisha, Mzee wangu. Na katika viwango vya kutathmini nimeongeza mstari wa mwanafunzi anayeondoka bila samaki, nikaupa alama kamili.